Mbio za magari: ngazi ya kwanza ambayo kijana wa Katindo bado haijamfikia

Katika mtaa wa Katindo, mjini Goma, mtoto anajuana na gurudumu mapema. Kabla ya kuanza shule amekwisha kusukuma tairi kuukuu kwa fimbo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Akikua kidogo anaomba kupanda chukudu pale barabara inapoteremka: mikono kwenye usukani wa mti, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine tayari kwa breki, ambayo ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Pembeni kuna makoro, yale mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Anayekosea kona anayajua makoro kwa ngozi yake.

Chukudu haina injini, lakini inamfundisha mtu mambo ambayo dereva yeyote wa mbio anapaswa kuyajua: uzito uko wapi, kasi inaanzia wapi, breki ikanyagwe lini. Mji wa Goma wenyewe umeipa heshima yake. Tangu mwaka 2009, sanamu kubwa ya mtu anayesukuma chukudu iliyojaa mzigo imesimama kwenye mzunguko wa barabara ambao kila motari wa Goma anaujua kwa jina hilohilo, Rond-point Chukudu.

Ndiyo maana vijana wengi wa mji huu wanapotazama mbio za magari kwenye simu hawaoni kitu kigeni kabisa. Wanaona magari yenye kiti kimoja, magurudumu yako wazi nje ya bodi, na dereva aliyeinama chini kama aliyelala. Wanajiuliza swali rahisi: wale wameanzia wapi? Msimu wa Formula 2 wa mwaka 2024 unatoa jibu zuri kuliko misimu mingine mingi. Na jibu hilo, kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga, liliishia karibu sana na Goma.

Shule ya madereva

Formula 2 ndiyo darasa la mwisho kabla ya Formula 1. Chini yake kuna Formula 3, na chini ya hiyo kuna Formula 4, ambako kijana anaruhusiwa kuingia akiwa na miaka 15. Chini kabisa kuna karting, vile vigari vidogo vya chini chini ambavyo watoto huanza kuviendesha wakiwa na miaka minane, wengine hata kabla ya hapo.

Katika Formula 2, timu zote hutumia gari la aina moja. Bodi inatengenezwa na kampuni ya Dallara ya Italia, injini inatoka kwa Mecachrome ya Ufaransa, yenye nguvu ya farasi wapatao 620, na tairi ni za Pirelli. Kusudi ni kumpima dereva kuliko kupima mfuko wa kiwanda. Kila mwisho wa juma kuna mbio mbili. Ile fupi hufanyika Jumamosi, na kumi bora wa majaribio hupangwa kinyume, yaani aliyekuwa wa kumi ndiye anaanza mbele. Ile ndefu hufanyika Jumapili, na mshindi wake anapata pointi 25.

Mwaka 2024 msimu ulikuwa na vituo 14, kuanzia Bahrain mwezi wa tatu hadi Abu Dhabi mwezi wa kumi na mbili. Wiki moja tu baada ya kuanza, dunia iliona kwa nini mashindano haya yanafuatiliwa. Huko Jeddah, Saudi Arabia, kijana Mwingereza Oliver Bearman alikuwa amepata nafasi ya kwanza ya kuanzia katika Formula 2. Kabla ya kuitumia, aliitwa na Ferrari kuchukua nafasi ya Carlos Sainz, ambaye alilazimika kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Bearman alikuwa na miaka 18. Aliingia kwenye gari la Formula 1 karibu bila maandalizi na akamaliza wa saba.

Msimu haukuwa umekwisha wakati mwingine alipoondoka. Mwanzoni mwa Septemba, huko Monza, Franco Colapinto wa Argentina alihamia timu ya Williams. Siku hiyohiyo, kwenye uwanja huohuo, Gabriel Bortoleto wa Brazil alianza mbio za Formula 2 akiwa wa 22, yaani wa mwisho kabisa, na akafika wa kwanza. Kimi Antonelli wa Italia naye alikuwa katika msimu huo. Mwaka uliofuata alikaa kwenye kiti cha Mercedes kilichoachwa na Lewis Hamilton.

Kwa hiyo darasa moja la mwaka 2024 lilipeleka madereva watano kwenye Formula 1: Bearman, Colapinto, Antonelli, Bortoleto na Isack Hadjar.

Gari lililozimika mstarini

Hadithi ya Hadjar ndiyo inayogusa zaidi upande wetu wa dunia. Alizaliwa Paris mwaka 2004, na wazazi wake wana asili ya Algeria. Baba yake ni mtafiti wa fizikia, si tajiri wa viwanda wala dereva wa zamani. Alipita Formula 4 ya Ufaransa, akafika Formula 3, na mwaka 2023 akaingia Formula 2. Mwaka huo wa kwanza ulikuwa mgumu: alimaliza wa 14. Wengi walidhani safari yake imefikia mwisho.

Mwaka 2024, akiwa na timu ya Campos ya Hispania, alirudi mtu mwingine. Alishinda mbio za Jumapili huko Melbourne, Imola, Silverstone na Spa. Walipofika Abu Dhabi kwa kituo cha mwisho, tofauti kati yake na Bortoleto ilikuwa nusu ya pointi.

Tarehe 8 Desemba 2024 magari yalijipanga kwa mbio za mwisho za mwaka. Taa zilizima, wote wakaondoka, isipokuwa gari moja. Gari la Hadjar lilizimika palepale mstarini. Msimu mzima wa miezi tisa ulimponyoka kabla hajapita kona ya kwanza. Bortoleto akawa bingwa.

Lakini hapo ndipo faida ya kuwa ndani ya mfumo inapoonekana. Ili kuendesha Formula 1, dereva anahitaji leseni maalum, na leseni hiyo inadai pointi 40 zinazokusanywa katika madarasa ya chini. Watatu wa kwanza wa Formula 2 wote wanapata pointi hizo 40. Hadjar alipoteza ubingwa, lakini hakupoteza mlango. Mwaka 2025 aliingia Formula 1, akaanguka huko Melbourne kabla hata mbio hazijaanza, akalia mbele ya kamera, kisha mwezi wa nane akapanda jukwaani Zandvoort, Uholanzi, akiwa wa tatu. Kwa msimu wa 2026 amechaguliwa na Red Bull kuwa mwenzake Max Verstappen, bingwa wa dunia mara nne.

Mtu aliyeanguka mara mbili namna hiyo mbele ya dunia nzima angekwisha kusahauliwa kama chini yake hapangekuwa na ngazi ya kumpokea.

Bei ya kila daraja

Ngazi hiyo ina bei. Watu wa mchezo huu hukadiria kwamba kiti cha Formula 2 kinagharimu kati ya euro milioni mbili na tatu kwa msimu mmoja. Formula 3 ni milioni moja na zaidi. Hata Formula 4, darasa la watoto wa miaka 15, inaweza kula laki kadhaa za euro. Ni fedha ambazo familia chache sana duniani zinazo, hata huko Ulaya.

Wanaofaulu bila kuzaliwa katika utajiri wanakuwa wameokotwa mapema. Lewis Hamilton, dereva Mweusi wa kwanza wa Formula 1, alianza karting akiwa na miaka minane huku baba yake, Anthony, akifanya kazi zaidi ya moja ili kulipia tairi na mafuta. Timu ya McLaren ilimchukua akiwa na miaka 13. Mwaka 2006 alikuwa bingwa wa GP2, jina la zamani la Formula 2, na mwaka uliofuata akawa Formula 1. Kama hangekuwa na kigari kile cha kwanza akiwa na miaka minane, hakuna ambaye angemwona akiwa na 13.

Kipaji hakipimwi hewani. Kinapimwa juu ya kitu chenye magurudumu, saa na mpinzani pembeni. Mtoto ambaye hajawahi kupewa kitu hicho hawezi kusemwa kuwa ameshindwa, maana hajajaribiwa. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Katika mchezo huu, sehemu kubwa ya Afrika haina hata kwao pa kuchezea.

Bara hili limetoa bingwa mmoja tu wa dunia wa Formula 1, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, mwaka 1979. Mbio za mwisho za Formula 1 katika ardhi ya Afrika zilifanyika Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Katika Afrika Mashariki, mapenzi ya magari yalikwenda upande wa rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule, na mwaka 2021 ilirudi kwenye mashindano ya dunia. Kenya ilitumia kurudi huko kuwasaidia vijana wake: mmoja wao, McRae Kimathi, alikwenda kushindana kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022 katika rali ya dunia ya vijana. Huko Kenya kuna pia uwanja wa karting Athi River, nje ya Nairobi. Ngazi ipo, ingawa ni fupi.

Siku tano baadaye, Kigali

Siku tano baada ya gari la Hadjar kuzimika Abu Dhabi, wakubwa wote wa mchezo huu walikuwa Kigali, mwendo wa kilomita zaidi ya 150 kutoka Goma. Tarehe 13 Desemba 2024, shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lilifanya huko mkutano wake mkuu na sherehe ya kugawa vikombe. Siku hiyo Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1, na uwanja ulielezwa kuwa utajengwa karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera.

Tangazo hilo lilichukua vichwa vya habari vyote. Jambo lingine dogo la siku hiyo halikupata nafasi kubwa. Max Verstappen alikuwa amepewa adhabu ya kufanya kazi ya jamii kwa sababu ya neno chafu alilolitamka mbele ya waandishi wa habari huko Singapore. Alikwenda kuifanyia adhabu hiyo Kigali, pamoja na vijana wa mpango wa chama cha magari cha Rwanda. Kilichokuwa mbele yao hakikuwa gari la mamilioni. Kilikuwa gari dogo la kiti kimoja la kukimbia kwenye udongo, aina inayoitwa cross car, lililotengenezwa nchini humo kwa kufuata michoro ambayo FIA inaitoa bure kwa vyama vyake.

Gari la aina hiyo kwa kawaida ni fremu ya mabomba ya chuma, kizimba cha kumlinda dereva, mkanda imara, magurudumu manne yaliyo wazi na injini ya pikipiki. Halihitaji lami. Linahitaji fundi anayejua kuchomea chuma vizuri, fundi mwingine anayejua pikipiki, na eneo lililosawazishwa.

Mtu anayeijua Goma atatabasamu akisoma orodha hiyo. Mabomba ya chuma, kuchomea, injini za pikipiki: hayo yako kando ya barabara zetu kila siku. Mji ambao unaishi kwa pikipiki una mafundi wanaofungua injini na kuifunga tena kabla mteja hajamaliza maongezi. Na wale wanaochonga chukudu kwa shoka na panga, wakaifanya ibebe mamia ya kilo za makaa au viazi, hawahitaji kufundishwa maana ya uzito na kona.

Barua na mpaka

Lakini kati ya Goma na gari lile kuna mpaka, na juu ya mpaka kuna vita. Mwishoni mwa Januari 2025, wiki chache baada ya sherehe za Kigali, M23 iliingia Goma. Wakaazi wa Katindo, ambako kuna kambi ya jeshi na hospitali ya kijeshi, hawahitaji kusimuliwa siku zile. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na familia nyingi zilihesabu watu wao kabla ya kuhesabu mali.

Mwezi wa pili, Waziri wa Mambo ya Nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakuu wa Formula 1 akiomba wasitishe mazungumzo na Rwanda. Alikuwa amekwisha kuziandikia klabu za Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain kuhusu mikataba yao ya kuitangaza Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda linaiunga mkono M23. Kigali inakanusha. Baadaye Congo nayo iliingia kwenye matangazo ya michezo: mwaka 2025 ilisaini mikataba na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona, huu wa mwisho ukiripotiwa kuwa wa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne.

Hivyo mbio za magari ziligeuka kuwa habari ya mabalozi na mawaziri. Kwa raia wa Goma, barua ya waziri ilikuwa na uzito wake: ni vigumu kushangilia sherehe ya jirani wakati kwako watu wanazikwa. Lakini katika mabishano yote hayo kuhusu uwanja wa Bugesera, swali la kijana halikuulizwa na upande wowote. Mbio za Formula 1 zikija au zisije Kigali, mtoto wa Katindo hataziendesha. Hata mtoto wa Kigali hataziendesha kama hakuna mahali pa kuanzia. Siku tatu za Formula 1 huleta wageni, hoteli kujaa na picha za televisheni. Zinazoleta dereva ni Jumamosi nyingi za watoto wa miaka minane, tisa na kumi wakizunguka kwenye uwanja mdogo, huku mtu mzima mwenye saa akiandika nyakati zao kwenye daftari.

Kinachohitajika hapa

Ngazi ya kwanza haihitaji mabilioni, lakini inahitaji vitu vitatu ambavyo haviwezi kukwepwa.

Cha kwanza ni usalama. Kijana kwenye chukudu au pikipiki anashindana tayari, barabarani, katikati ya magari, bila kofia. Eneo lililofungwa, kofia nzuri, mkanda, mtu wa huduma ya kwanza na kizimamoto si mapambo. Ndivyo vinavyotofautisha mchezo na ajali.

Cha pili ni chama kinachotambulika, chenye uwezo wa kuandikisha vijana, kutoa leseni na kupokea ile michoro na mafunzo kutoka FIA. Bila karatasi hiyo, hata mtoto mwenye kasi kuliko wote hana mahali pa kupelekwa.

Cha tatu ni ardhi. Silverstone, ambako Hadjar alishinda mwaka 2024 na ambako Formula 1 ilianzia mwaka 1950, palikuwa uwanja wa ndege za kivita wa Uingereza. Vita ilipokwisha, watu walichukua njia za ndege zilizobaki na kuzifanya uwanja wa mbio. Goma inajua kuanza upya juu ya kilichoharibika. Lava ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya njia ya ndege na mitaa ya katikati ya mji, na watu wakajenga juu yake. Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka tena, na walioondoka wakarudi. Eneo la lava iliyopoa, likisawazishwa na kuwekewa matairi kuukuu pembeni, linatosha kwa gari dogo la kiti kimoja.

Hayo yote yanadai kwanza amani, na hakuna fundi anayeweza kuichomea amani kwa vyuma. Baba anayetafuta unga hawezi kuambiwa anunue kofia ya mbio. Lakini watoto hawangojei mikataba isainiwe ndipo wakue. Aliyekuwa na miaka minane mwezi ule wa kwanza wa 2025 atafika 15, umri wa Formula 4, mwaka 2032. Kila mwaka unaopita bila kigari cha kwanza ni mwaka ambao hautarudishwa na uwanja wowote mkubwa utakaojengwa baadaye.

Hadjar alizimikiwa na gari mbele ya dunia, na mwaka uliofuata akapewa lingine. Katindo, jioni mvua ikikatika, watoto wanapanga chukudu zao juu ya mteremko, mmoja anahesabu hadi tatu, na wanateremka kwa kelele. Kuna anayefika wa kwanza kila siku, lakini bado hakuna aliyemwandika jina kwenye daftari.